Hospitali Iliyong'aa kwa Nje

Jamhuri ya Tumefika ilipewa jina hilo na Kiongozi wake wa kwanza siku ile ile ya uhuru, alipopanda jukwaani, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatangaza kwamba safari imekwisha. Tangu hapo wananchi wameishi kwa utulivu mkubwa, maana waliofika hawana haja ya barabara, na kweli barabara hazikutengenezwa.

Kila mwaka nchi hiyo huadhimisha Sikukuu ya Kufika kwa gwaride, hotuba na fataki. Mwaka tunaousimulia hapa fataki zilikuwa za aina yake. Zilitoka ng'ambo kwa meli, na makasha yake yalikuwa na maandishi ambayo hakuna ofisa aliyeweza kuyasoma, jambo lililowahakikishia wote kwamba ni za ubora wa juu.

Basi kwenye kikao cha maandalizi, Waziri wa Mwonekano wa Taifa, Mheshimiwa Gaudensi Lukanga, aliuliza swali ambalo halijawahi kuulizwa. Fataki, alisema, hupasuka juu. Je, chini kutakuwa na nini?

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akajitosa akasema chini kutakuwa na wananchi. Waziri akatikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake mzito, akaeleza kwamba wananchi wamekuwapo chini kila mwaka na hakuna mgeni hata mmoja aliyewapiga picha. Kilichohitajika ni jengo. Jengo refu, lililomulikwa kwa nje tangu msingi hadi paa, ili fataki zikipasuka juu yake dunia ione kwamba Tumefika si nchi ya kupasua vitu hewani tu.

Wakaanza kutafuta jengo. Ikulu ilikuwa nyuma ya kuta ndefu, na kuta hizo zilikuwa siri ya serikali. Bunge lilikuwa kwenye ukarabati tangu siku lilipofunguliwa. Makao makuu ya Chama yalikuwa yameinama kidogo upande wa kushoto, na wataalamu walikuwa wameshauri watu wasiyatazame sana. Ikabaki Hospitali Kuu ya Akina Mama, jengo la ghorofa nne lililotazamana na Uwanja wa Kufika, ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya kiti cha Mheshimiwa Kiongozi.

Kazi akakabidhiwa Bwana Leopold Mambeya, Mkurugenzi wa Idara ya Nje. Msomaji asidhani ni mambo ya nchi za nje. Idara hiyo ilishughulikia nje ya majengo: kuta, vibaraza, milango ya mbele na kila kinachoonekana na mtu anayepita kwenye gari lenye kiyoyozi. Idara ya Ndani haikuwapo. Iliwahi kupendekezwa, lakini haikujulikana mgeni gani angeiona.

Bwana Leopold hakuwa mwongo wala mlafi. Alikuwa mtu mpole, mwenye suruali zilizopigwa pasi na sauti isiyopanda, na sifa zake zilienea nchini kwa kazi aliyoifanya katika barabara ya uwanja wa ndege. Huko alipaka rangi nyumba zote za pembeni, ukuta mmoja kwa kila nyumba, ule unaotazama barabara. Wageni walioingia nchini walisema hawajapata kuona umaskini uliopangwa vizuri namna ile. Yeye mwenyewe aliamini kwa moyo safi kwamba taifa, kama mtu yeyote, hupimwa mlangoni. Hata nyumbani kwake ukuta wa mbele ulipakwa rangi kila mwaka, huku jikoni mke wake akihamisha mabeseni kufuata mvua inapovujia.

Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, ambaye mume wake alikuwa mpima ardhi huko mipakani. Siwema alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kama ilivyo desturi alirudi kwa wazazi wake asubiri siku zake. Bwana Leopold alipomtazama binti yake akipita sebuleni akiwa ameshika kiuno, alijawa na furaha na woga kwa pamoja, na kwa kuwa hakujua la kufanya na vitu hivyo viwili, akaenda kazini mapema.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa umeme. Injinia Nikodemu, wa Shirika la Umeme, alieleza kwenye kikao, kwa masikitiko ya kitaalamu, kwamba transfoma ya hospitali imezeeka. Ina uwezo wa kubeba taa za nje, na ina uwezo wa kubeba ndani, lakini si vyote viwili kwa wakati mmoja. Kulikuwa na jenereta, ndiyo, ila liliazimwa katika sikukuu ya mwaka uliopita kwa ajili ya vipaza sauti, na lilipomaliza kazi hiyo kwa mafanikio likapandishwa cheo. Sasa lilikuwa likipoza soda za wageni waalikwa.

Kikao kikatafakari. Mwishowe Waziri akatoa hoja ambayo baadaye ilifundishwa katika Chuo cha Uongozi. Alisema kwamba walio ndani ya hospitali wanajua tayari wako wapi, hivyo hawahitaji mwanga wa kuwaonyesha. Walio nje ndio wageni. Kwa hiyo ndani kungeiazimisha nje umeme wake kwa muda wa sherehe tu, tena kwa hiari.

Mkunga mkuu wa hospitali, Sista Perpetua, alikuwa amealikwa kwenye kikao hicho ili atoe shukrani. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na aliposimama watu walijiandaa kupiga makofi. Yeye akauliza watakaojifungua jioni hiyo wafanyweje.

"Sista," alisema Waziri, "Sikukuu ya Kufika ni mara moja kwa mwaka. Kujifungua ni kila siku. Tuvumiliane."

Sista Perpetua akakaa. Makofi yakapigwa hata hivyo, kwa kuwa yalikuwa kwenye ratiba.

Bwana Leopold ndiye aliyeandika waraka, kwa kuwa alikuwa na Kiswahili kizuri. Akina mama wote waliotarajia kujifungua walikumbushwa wajibu wao, wakaombwa kwa moyo wa uzalendo wajifungue kabla jua halijazama, au wasubiri hadi msafara wa Mheshimiwa Kiongozi utakapoondoka. Jioni hiyo alimsomea Siwema waraka huo mezani, nusu kwa utani na nusu kwa matumaini. Siwema akacheka mpaka akashika tumbo.

"Baba," akamwambia, "huyu wa humu ndani hajaanza kusoma."

Mkewe, ambaye alikuwa akipakua ugali, hakucheka. Alimuuliza kama amewahi kuingia ndani ya hospitali ile. Bwana Leopold akajibu kwamba anaifahamu vizuri sana, anaweza hata kuichora. Mkewe akasema hakuuliza kuhusu kuchora.

Kazi ikaendelea. Ukuta wa mbele ulipigwa rangi nyeupe. Taa za kumulika zikapangwa bustanini, kubwa kama masufuria ya harusi, nyingine za kijani na nyingine za dhahabu, rangi za bendera. Walipoziwasha kwa majaribio kulizuka tatizo ambalo hakuna aliyelitazamia: madirisha. Ukuta uling'aa vizuri, lakini madirisha yalibaki meusi, na katika baadhi yake zilionekana nguo zilizoanikwa, na katika dirisha moja bibi mmoja alikuwa akila muhogo. Waziri alisema madirisha yale yanasema kweli kupita kiasi.

Dawa yake ilikuwa turubai. Bwana Leopold akaagiza kitambaa cheupe, akafunika nacho kila dirisha la mbele, na juu ya kila kitambaa mchoraji wa Wizara akachora dirisha. Katika kila dirisha lililochorwa kulikuwa na pazia, maua, na mama mwenye furaha aliyebeba mtoto mnene. Mchoraji, kwa tahadhari ya kikazi, aliwapa akina mama wote sura ya mke wa Waziri. Waziri alipokuja kukagua alisimama muda mrefu akatokwa na machozi, akasema hivi ndivyo hospitali inavyopaswa kuwa. Sista Perpetua, aliyekuwa mlangoni akijipepea na kipande cha boksi, alisema tu kwamba ndani sasa hewa haipiti.

Bwana Leopold alilisikia neno hilo. Alilibeba mpaka nyumbani na usingizi ukamchelewa, lakini kulipopambazuka akajiambia kwamba ni jioni moja tu.

Siku ya sikukuu, saa tisa alasiri, Siwema akapata uchungu.

Mama yake akampeleka hospitali. Bwana Leopold alikuwa bustanini akifuta vumbi kwenye taa alipowaona wakiingia kwa mlango wa wagonjwa, binti yake akitembea polepole, akisimama, akitembea tena. Alitaka kukimbia kumshika mkono. Lakini Injinia Nikodemu alikuwa akimuuliza habari ya nyaya, na wapiga picha walikuwa wakipita, naye akampungia mkono tu kwa mbali. Siwema alimwona. Akajaribu kutabasamu, kisha maumivu yakamzidi akageukia ukutani.

Jua likazama. Uwanja ukajaa. Mheshimiwa Kiongozi akafika na msafara wake, akakaa kwenye kiti chake kikubwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa wote pamoja na beti ambazo hakuna anayezijua. Swichi kuu ilikuwa ndani ya hema dogo ng'ambo ya barabara, kando ya ukuta wa hospitali. Ilikuwa na mkono wa chuma: ukiuinua, umeme unakwenda nje, ukiushusha, unarudi ndani. Ishara ilipotolewa, Bwana Leopold akauinua.

Ukweli usemwe, ilipendeza. Hospitali Kuu ya Akina Mama ilichomoza gizani, kijani chini na dhahabu juu, nyeupe kama keki, na wake wa Waziri wakatabasamu kutoka kila dirisha. Umati mzima ulishusha pumzi. Mheshimiwa Kiongozi alisikika akisema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wanazaa sana nchini. Bwana Leopold akasimama mlangoni mwa hema, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jamhuri ile.

Kisha fataki zikaanza, na hazikuonekana.

Zilisikika, hilo halina ubishi. Zilipiga mpaka mbwa wakakimbilia vichochoroni. Lakini mwanga wa hospitali ulikuwa umeijaza anga yote ya uwanja, na zile nyota za rangi zilizotoka ng'ambo zilipopasuka zilionekana kama mtu anakung'uta unga kwenye shuka jeupe. Mheshimiwa Kiongozi alitazama juu, akapangusa miwani, akatazama tena. Akamuuliza Waziri kama wameshaanza. Waziri akajibu kwamba huo ndio utangulizi.

Wakati huo huo simu ya Bwana Leopold ililia. Alikuwa mkewe. Kwa kelele za fataki ilimbidi azibe sikio moja kwa kidole.

"Baba Siwema, hatuoni kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyowahi kuisikia. "Mtoto amekaa vibaya. Sista anahitaji mikono yote miwili, na mimi nimemshikia simu yenye tochi, na chaji inakwisha. Tuletee taa."

Simu ikakatika. Bwana Leopold akageuka akatazama ukuta wake. Kule ghorofa ya pili, nyuma ya kitambaa kilichochorwa mama mwenye maua, alijua ndiko leba iliko. Alijua kwa kuwa alishapima dirisha lile kwa ajili ya turubai, na kwenye orodha yake liliandikwa leba. Aliwahi kuligusa. Hakuwahi kufikiri nani analala upande wa pili.

Anasema mwenyewe kwamba hakufikiri hata hapo. Alirudi ndani ya hema, akaushika mkono wa swichi kwa mikono yote miwili, akaushusha.

Hospitali ikapotea. Uwanja wote ukaingia gizani, na umati ukaguna kama mtu mmoja.

"Mkurugenzi, umekosea upande," alisema Injinia Nikodemu, akinyoosha mkono kurekebisha.

"Sijakosea," alisema Bwana Leopold. "Usiguse."

Injinia alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakikuwa kwenye mafunzo yake, akarudisha mkono mfukoni.

Ndipo fataki zikaonekana. Kumbe zilikuwa nzuri ajabu. Zilichanua nyekundu, zikamwagika samawati, zikapanda tena kama miti ya fedha, na watu wakapiga makofi bila kuambiwa. Waziri Gaudensi Lukanga alikuwa tayari amevuka barabara akikimbia, amevua viatu ili asionekane anakimbia, akaingia hemani akihema. Alitaka kujua nani amezima taifa. Bwana Leopold alisema ni yeye, na kwamba hatawasha. Hakupandisha sauti, ila hakuachia chuma. Waziri alianza kumtajia vifungu vya sheria, na alikuwa amefika kwenye kile cha uhaini pale vigelegele vilipolipuka uwanjani.

Wakatoka nje kutazama.

Fataki zilikuwa zimetulia kidogo, mafundi wakipakia nyingine. Katika giza hilo madirisha ya hospitali yalikuwa yamewaka, safari hii kutoka ndani. Taa za wodi zilipenya vitambaa, na wale akina mama waliochorwa wakafifia wakawa kama madoa ya chai. Mahali pao palikuwa na vivuli. Kivuli cha mwanamke aliyeketi akisuka nywele. Kivuli cha bibi akila, labda yule yule wa muhogo. Vivuli vya wauguzi wakipita haraka na mabeseni. Na ghorofa ya pili, kivuli cha mama mnene aliyeinama, aliyekaa hivyo hivyo ameinama kwa muda mrefu mpaka uwanja ukanyamaza pole pole bila kuamriwa. Maelfu ya watu walisimama wakimwangalia mtu mmoja akifanya kazi.

Bwana Leopold hakupumua. Waziri naye, kwa sababu zake, hakupumua.

Kile kivuli kikainuka. Mikononi kilikuwa na kitu kidogo. Kikakigeuza, kikakipiga kofi jepesi, na hapo sauti nyembamba ikatoka gizani ikavuka barabara. Wanawake wa uwanjani walipiga vigelegele vya pili, virefu kuliko vya kwanza, ambavyo navyo havikuwa kwenye ratiba. Bwana Leopold akakaa chini kwenye nyasi, na suruali yake ya pasi, akalia.

Mheshimiwa Kiongozi alikuwa amesimama akipiga makofi. Alisema kwa vipaza sauti kwamba katika maisha yake hajaona maonyesho ya namna hii, akauliza ni nani aliyebuni. Waziri, akiwa peku, alikuwa tayari amerudi jukwaani. Alieleza kwa unyenyekevu kwamba wazo lilimjia wakati wa safari ya kikazi, na kwamba lengo lilikuwa kuonyesha kuwa nchini Tumefika hata vivuli vinajifungua.

Kesho yake Bwana Leopold aliitwa Wizarani. Waziri alimkaripia kwa muda wa kutosha, kisha akampongeza kwa muda ule ule, akamwomba asichanganye mambo hayo mawili. Mheshimiwa Kiongozi, alisema, ameagiza maonyesho yale yarudiwe kila mwaka. Kwa hiyo itaundwa Kamati ya Taifa ya Uchungu, itakayohakikisha kwamba mama mmoja anajifungua dakika ile fataki zinapotulia, na mama wa akiba anakuwa tayari endapo wa kwanza atawahi. Mwenyekiti wake atakuwa Bwana Leopold, ambaye ameshaonyesha kipaji.

Bwana Leopold alishukuru, akasema hapana. Neno hilo lilikuwa jipya katika ofisi ile, na Waziri alimwomba alirudie. Alilirudia. Kisha akaomba ahamishiwe ndani.

"Ndani kuna nini?" Waziri aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Bwana Leopold akamwambia kuna nyaya zilizoungua, kuna balbu zisizowaka tangu nchi ifike, na kuna transfoma inayohitaji mwenzake. Waziri alifikiri kidogo. Kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiomba kazi hiyo, na kwa kuwa haingeonekana popote, akaona haina madhara. Hivyo Idara ya Ndani ikaanzishwa, ikiwa na mkurugenzi mmoja ambaye pia ndiye aliyekuwa watumishi wake wote.

Mchana huo mkurugenzi alivuka barabara, akaingia hospitali kwa mlango wa wagonjwa. Ndani alipotea. Jengo ambalo angeweza kulichora akiwa amefumba macho lilikuwa na korido asizozijua, zenye harufu ya dawa na uji, na akina mama wamelala wawili wawili kitandani, na ilimbidi aulize njia mara kadhaa kabla ya kufika ghorofa ya pili. Siwema alikuwa ameegemea mto, amechoka, uso umevimba, macho yanacheka. Mama yake alikuwa amesinzia kwenye benchi. Redio ya jirani wa kitanda ilikuwa ikitangaza kwamba Mheshimiwa Kiongozi amempa mtoto wa kwanza wa maonyesho jina la Jubilei Tumefika, na kwamba familia imepokea jina hilo kwa vifijo.

"Anaitwa Perpetua," Siwema alisema, akampa baba yake mtoto.

Bwana Leopold akampokea vibaya, kama mtu anayebeba kioo. Mtoto alikuwa mdogo sana. Alikuwa na mikunjo usoni na nywele zilizolowa, wala hakufanana na picha yoyote. Alitaka kusema samahani kwa Siwema, akaanza, lakini Siwema akamwambia amshike mtoto kichwa vizuri, akamshika.

Sista Perpetua alipita na trei, akasimama akawatazama juu ya miwani yake. Bwana Leopold alimweleza kwamba yeye sasa ni mtu wa ndani, na akamuuliza aanzie wapi. Sista akamwonyesha kwa kidevu balbu iliyokufa juu ya kitanda cha pili, akasema leba kuna nyingine tatu, na chooni usiseme.

Bwana Leopold akamrudisha mtoto kwa mama yake, akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akauliza ngazi iko wapi.